Macdara Bado Anapiga Kura

Boston, 20 Oktoba 1907

Wifi yangu Sabina,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya tatu, ambako mwaka huu mvua inaingia kwa dirisha moja tu, kwa hiyo tunashukuru. Wasichana ni wazima. Delia ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima. Nan bado anakohoa asubuhi, lakini anakula, na mtoto anayekula hanitii hofu. Mimi ni mgongo tu. Nani anasugua sakafu za jumba la jiji siku sita kwa wiki halafu atembee wima? Mama anaendeleaje na kifua? Na wewe, yule bwana mwenye punda wawili bado anazunguka njia ndefu ili apite mlangoni kwenu?

Kama kawaida, karatasi ya buluu ni ya kumsomea Mama, na hii nyeupe ni yako peke yako, uichome ukimaliza. Kwenye ya buluu Macdara anasema kazi bandarini ni nyingi, mkono wake haujapona vizuri ndiyo maana namwandikia mimi, na Mama asitoke nje bila shali. Nilipofika kwenye shali nililia, maana ndivyo angesema kweli. Ni mwaka mmoja na miezi minane tangu kaka yako aanguke ndani ya ile meli akafa, na bado najua kila neno ambalo angelisema.

Sikulaumu. Mama alikuwa kitandani na homa ya mapafu barua yangu ya msiba ilipokufikia, na kumwambia wakati ule kungemmaliza. Shida ni kwamba alipona, na sisi hatukupata mdomo wa kumwambia. Sasa tumezoea, mimi kuandika na wewe kusoma.

Kuna jambo la huku ambalo sijakuambia. Kila Mei polisi hupita nyumba kwa nyumba kuwaandika wanaume wa kata ili wapige kura. Alipofika kwangu aliongozana na Toner, mjumbe wa Bwana Hanratty katika mtaa wetu. Polisi akauliza, "Mwanamume wa humu ni nani?" Kabla sijafungua mdomo Toner akadakia: "Macdara Mulkerrin, mpakuzi wa meli. Yuko kazini." Nikanyamaza. Ilikuwa hivyo mwaka jana na mwaka huu pia. Najua wanachofanya na jina hilo siku ya uchaguzi. Lakini nikuambie ukweli, Sabina? Nilifurahi kusikia. Yuko kazini! Nilirudi jikoni nikamenya viazi vya watu wanne.

Na hata nisingefurahi, ningemkatalia Hanratty kwa uso gani? Ile Februari sikuwa na kipande cha makaa ya mawe ndani. Mwili ulikuwa bado haujaletwa kutoka bandarini, naye alikuwa amekwisha simama mlangoni, kofia mkononi, mkubwa wa kata nzima, akinipa pole kwa lugha ya kwetu. Ulikuja mkokoteni wa makaa, ikaja nyama ya kulisha waliokuja kulala msiba, na kwenye maziko yakaja magari tisa ya farasi. Tisa! Sisi wanakijiji wa Carna ambao kwetu jeneza hubebwa mabegani. Wiki iliyofuata nikapewa ndoo na brashi jumba la jiji. Anayetaka jina la marehemu kwa wema wa namna hiyo, mimi nampa.

Wako akupendaye,
Baibín


Carna, 12 Novemba 1907

Wifi Baibín,

Barua yako imefika siku ya mvua ya mawe, ikanipasha moto kuliko jiko. Mwambie Delia meno yatarudi, asije akaringa bure. Viazi mwaka huu si vibaya. Bwana wa punda sasa ana punda mmoja. Wa pili amekufa, na yeye amezidi kupita, sijui anataka nimpe pole au nimbebee mizigo.

Mama alifurahi sana na ile ya buluu. Pale penye shali aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyo msichana ana moyo." Nikamwambia, "Mama, hayo ni maneno ya Macdara." Akasema, "Aa, ndiyo, ya Macdara," akageukia moto.

Anaanza kusahau, Baibín, na inaniuma. Siku ya Marehemu Wote nilifagia nikawasha moto mkubwa, nikaweka viti vya wafu wetu karibu na jiko kama tunavyofanya kila mwaka: cha Baba na cha kaka yetu mdogo aliyezama. Niliporudi na maji nikakuta Mama ameongeza cha tatu. Nikamwambia, "Mama, wetu ni wawili." Akasema, "Mimi nimehesabu." Sikumbishia.

Kuhusu huyo Hanratty wako, sitakuwa mnafiki. Asante kwa makaa na asante kwa magari. Lakini kaka yangu alipokuwa hapa hata kwenda kuvuna mwani alisukumwa, na leo amekufa anatolewa nyumbani kila uchaguzi kwenda kuchagua madiwani? Mtu amezikwa na bado anafanyishwa kazi. Mimi ningemwambia huyo Toner atoke na orodha yake. Ila mimi nina paa langu mwenyewe na wewe huna, kwa hiyo nanyamaza.

Wasalimie wanangu.
Sabina


Boston, 9 Februari 1908

Wifi Sabina,

Salamu nyingi. Juzi ilitimia miaka miwili. Niliwapeleka wasichana misa ya asubuhi, na Nan akaniuliza baba alikuwa na nywele rangi gani. Nilimwambia ni kama zake. Kikohozi chake kimepungua, tunamshukuru Mungu, na mwenye nyumba ametengeneza lile dirisha. Kwenye karatasi ya buluu leo nimeandika machache. Macdara hana maneno mengi safari hii, utaona kwa nini.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja anaitwa Alden Sears. Ni mmoja wa wale matajiri wa mtaa wa mlimani waliounda umoja wa kusafisha uchaguzi. Alivua glavu, akatazama kiti, akaamua kusimama. Akasema, "Bi Mulkerrin, mumeo alipiga kura mara tatu Desemba iliyopita, katika vituo vitatu. Nasikia ni marehemu." Nikamwambia, "Wewe umesikia kwa nani?" Akasema, "Kwa jiwe la kaburi lake." Sikupenda alivyolisema. Jiwe lile nimelichagua mwenyewe.

Mara tatu, Sabina. Mimi nilidhani mara moja tu. Na kituo cha tatu amesaini kwa mwandiko wa kupendeza wenye mikunjo, mtu ambaye jina lake aliliandika kama anayepigilia misumari.

Nimepewa hati ya kuitwa mahakamani tarehe 14 Aprili, niape kama mume wangu yu hai au amekufa. Wanamtaka Toner, na kupitia Toner wamfikie Hanratty. Jioni ileile Toner akaja. Naye pia hakukaa. "Sema amekwenda misitu ya Maine kukata miti. Watu wanapotea Maine kila siku."

"Nishike Biblia nimpeleke mume wangu Maine?"

"Mama, nani alikupa ndoo? Nakukumbusha tu. Bwana mkubwa hajanituma, ni mimi nina watoto wanne."

Basi nimekaa katikati. Nikisema uongo, nimeapa uongo juu ya kaburi la mume wangu. Nikisema kweli, namwangusha mtu aliyemzika, nakosa kazi, na hilo si kubwa kuliko yote. Kesi itaandikwa magazetini. Unajua jinsi magazeti ya Boston yanavyofika Carna, yakiwa yamefungia viatu na vitambaa tunavyotuma nyumbani. Kabla ya Mei kila mtu hapo atakuwa amesoma kwamba Macdara Mulkerrin alikufa mwaka 1906, na Mama ataambiwa na jirani mlangoni. Wifi yangu, lazima umwambie wewe kwanza. Au niambie hawezi kuhimili, nami nitampeleka Macdara Maine na Mungu atanisamehe akitaka. Nijibu upesi.

Baibín


Carna, 2 Machi 1908

Wifi,

Nisamehe kuchelewa. Karatasi nilikuwa nayo, nilichokosa ni ujasiri.

Mama kifua kimembana tangu katikati ya Februari, lakini anakunywa uji. Mara tatu nimekaa kitandani kwake kumwambia. Mara ya kwanza aliomba maji. Mara ya pili akaniambia nikaangalie kuku. Mara ya tatu nikasema, "Mama, kuhusu Macdara," akanishika mkono akasema, "Mwanangu, umechoka, kalale." Nikaenda kulia zizini kama mtoto.

Siwezi, Baibín. Usiniulize tena. Fanya utakaloona, na lolote utakalofanya mimi sitakuja kukulaumu.

Sabina


Carna, 15 Machi 1908

Baibín mwanangu,

Huyu ni Mama yako anasema, na anayeandika ni Sabina, naye nimemkataza kubadilisha hata neno moja. (Ni kweli, wifi. Vumilia mwandiko.)

Jana Sabina alinisomea tena ile ya buluu. Alipomaliza nikamwambia, "Sasa nisomee nyeupe." Akasema nyeupe gani. Mwanangu, mimi macho yamekwisha, masikio sijayauza. Kila barua yako inafunguliwa karatasi mbili. Moja inasomwa, ya pili inakwenda motoni. Miaka miwili nasikiliza karatasi zinaungua. Hiyo ya Februari alishindwa kuichoma, alikuwa anaikunja na kuikunjua mfukoni. Amenisomea yote, amelia, nimempangusa.

Nilijua, Baibín. Nilijua kabla homa haijaniachia. Sabina alikuwa pwani anavuna mwani, Padri Considine akaingia na barua yenye ukingo mweusi. Ilitoka kwa Bwana Hanratty. Alimwandikia mama wa marehemu, kwa lugha yetu, akaeleza mwanangu amekufaje, nani alimshika mkono, padri gani alimpaka mafuta, na magari tisa. Akasema amelipia misa. Padri alinisomea mara mbili, nikaiweka ndani ya mto, na mpaka leo naisikia shavuni nikilala.

Nikamsubiri Sabina aniambie. Hakuniambia. Kisha ikaja barua yako, "Macdara anakusalimu." Nikafikiri, hawa watoto wananificha kwa sababu wananipenda, nikiwaambia najua, nitakuwa nimewanyang'anya zawadi yao. Na nitasema la kweli, maana mimi ni mzee na sioni haya. Nilipenda kumsikia. Ulimjua vizuri sana. Ile ya shali ilikuwa yeye mtupu. Kila barua nilimshukuru Mungu kwamba mwanangu alipata mke anayemjua hivyo. (Hapa Mama ameniambia niache kwikwi, nimwachie nafasi.)

Sasa sikiliza. Nenda ukaape, useme amekufa. Useme kwa sauti, uwatajie na siku. Mwanangu alikuwa mvivu wa haki na mwema wa haki. Hakupata kufanya kitu mara tatu kwa siku maishani mwake isipokuwa kula. Mwambie Bwana Hanratty namshukuru. Nataka umwambie hivyo kwa mdomo, usimwandikie. Namwombea kila jioni, na jina lake nalitaja karibu na la mume wangu. Lakini mwambie, mama wa Macdara anasema sasa yatosha, mtoto wangu apumzike.

Huku tutamfanyia msiba wake Jumapili ijayo, tule, tunywe, watu wamlie ipasavyo. Barua ya magari tisa itasomwa mbele ya wote, maana kuna jirani mmoja hapa ambaye mwanawe alizikwa kwa magari manne na hatujapumzika na majivuno yake.

Na wewe ni mtoto wangu, mume awepo asiwepo. Endelea kuniandikia.

Mama yako


Boston, 26 Aprili 1908

Mama, na wifi yangu Sabina,

Shikamoo, Mama. Barua yenu niliisoma nimekaa kwenye ngazi, kwa sababu sikuweza kungoja nifike juu. Wasichana walidhani kuna msiba. Nikawaambia ndiyo, upo, lakini ni ule wa zamani, na umekwisha vizuri.

Tarehe 14 nilikwenda. Nilivaa koti jeusi la msiba nililolifungia sandukuni miaka miwili ili nisije nikaandika barua za uongo nikiwa nimelivaa. Wakili wa Bwana Sears akauliza, "Mumeo yu hai?"

Nikasema, "Amekufa, bwana. Alikufa tarehe saba Februari mwaka 1906, saa nne asubuhi, akamwacha mama yake, dada yake, mimi na watoto wawili. Na Bwana Hanratty alimzika kwa magari tisa."

"Hukuulizwa kuhusu magari."

"Nimeapa kusema ukweli wote. Yalikuwa tisa."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Akaniuliza nani alimwandikisha marehemu. Nikasema Toner ndiye aliyetaja jina, na mimi nilikuwapo nikanyamaza, kwa hiyo kama ni kosa basi tuliligawana. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mama, nilimwambia hakimu huyo, mzee mwenye miwani: "Kwa sababu alisema yuko kazini, nami nilikuwa sijasikia mtu akisema hivyo kwa muda mrefu." Bwana Sears alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyezaliwa na mama.

Toner amefungwa miezi sita. Hanratty hakuguswa, kama kawaida yake. Jumatatu nilikwenda jumba la jiji nikakuta ndoo yangu imeshikwa na mke wa Toner. Alishindwa kunitazama. Nilikasirika mpaka mlangoni tu, nikakumbuka ana watoto wanne na mume yuko ndani, na aliyempa ndoo amefanya vilevile alivyonifanyia mimi. Nikarudi nikamwonyesha ile brashi inayotoa nywele, aiepuke.

Kisha nikaenda kwa Hanratty kumpa salamu zako kwa mdomo. Alikuwa amekaa nyuma ya duka la mazishi la binamu yake, watu kumi na watano kwenye benchi wakisubiri kumweleza shida zao. Nikasema, "Mama wa Macdara Mulkerrin anakushukuru kwa barua. Anakuombea kila jioni. Na anasema sasa yatosha, mtoto wake apumzike."

Akasema, "Barua gani, mama?" Hakuikumbuka. Dada yake huandika barua kama hizo kila wiki, yeye hutia saini tu. Sikukusudia kukuficha hilo, Mama; tumekwisha fichana vya kutosha. Lakini akauliza, "Ameiweka?" Nikamwambia iko ndani ya mto, shavuni kwake. Sabina, Hanratty hulia kirahisi, kulia ni nusu ya kazi yake. Safari hii hakulia. Alimwita dada yake kutoka chumba cha nyuma, akamwambia, "Njoo usikie hii." Nikarudia yote, na yule dada, mama mtu mzima mwenye wino vidoleni, akakaa chini taratibu akashika kifua. Shukrani zako, Mama, zimemfikia mwenyewe.

Jumatano nikaitwa kazini, kufua katika hospitali moja ya huku. Kuna mvuke, na mgongo unaupenda mvuke. Sikuomba. Wala sitasema deni langu kwa mtu yule limekwisha, kwa sababu nampenda na sijui kama ni mtu mzuri, na yote mawili ni kweli.

Wenu,
Baibín


Boston, 5 Novemba 1908

Wifi Sabina,

Utaona bahasha ni nyepesi. Karatasi ni moja, nyeupe, msomee Mama yote.

Sote wazima. Hongera kwa uchumba wako na bwana wa punda; mwambie kwetu hatutoi binti kwa punda mmoja, aongeze. Delia meno yamerudi, makubwa kama ya baba yake.

Jumatatu ilikuwa Siku ya Marehemu Wote. Nimekaa Amerika miaka kumi na moja na sikuwahi kuifanya hapa, niliona haya mbele ya majirani wa kila taifa. Mwaka huu nilifagia, nikawasha makaa mengi, nikaweka kiti kimoja karibu na jiko na glasi ya maji. Nikawaeleza wasichana ni cha baba yao, amerudi kuota moto kidogo, asubuhi ataondoka. Nan aliweka biskuti yake juu ya kiti. Tulilala vizuri wote watatu.

Kesho yake Jumanne ilikuwa uchaguzi. Mapema nikasikia viatu kwenye ngazi. Ni mjumbe mpya wa Hanratty, kijana mwenye tai, ambaye mtu alimpa orodha ya zamani. Mikono yangu ilikuwa kwenye unga, Delia ndiye aliyefungua.

"Macdara Mulkerrin yupo?" akauliza kijana.

"Hapana," Delia akamjibu, kwa adabu zote. "Alikuja jana, akakaa kwenye kile kiti. Sasa amesharudi makaburini."

Yule kijana alitazama kiti, glasi nusu ya maji na biskuti iliyomegwa. Akafanya ishara ya msalaba, akatoa penseli hapo hapo mlangoni, akalifuta jina.

Baibín